Kilima cheusi na bido ya mazutu

Kijana anayeniuzia mazutu, yaani dizeli, haniachii bido (dumu) mpaka tumeyatazama pamoja. Humimina kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaitikisa, akaiinua juani, kisha tukangoja itulie. Kama mna maji, yatashuka chini na kujikusanya kama shanga. Kama mmetiwa mafuta ya taa, macho hayasaidii. Hapo huchovya kidole na kunusa, nami nachovya changu, tunakuwa kama watu wawili wanaoonja mchuzi wa jirani wasiyemwamini. Tukiridhika anaweka faneli kwenye mdomo wa tangi, anatandika juu yake kipande cha soksi ndefu ya kike cha kuzuia takataka, na kumimina taratibu bila kupoteza tone.

Huku Lubumbashi vijana hawa tunawaita Kadhafi, jina la yule mkubwa wa Libya aliyekalia visima vya mafuta. Kadhafi wangu amekalia kreti ya bia, na visima vyake ni bido tano za njano chini ya mwavuli uliopauka. Ni mtu makini, nampendea ile chupa yake. Lakini kwenye bei, yeye na mimi hatujawahi kuelewana.

"Bei imepanda, Papa."

"Juu ya nini tena?"

"Banasema kuko vita kule kwa Waarabu."

"Na siku ile vita iliisha, ulishusha?"

Akacheka, akakaza kizibo. Kutoka kwenye benchi lililo kivulini, Papa Mapasa akadakia bila kuulizwa. Huyu ni mzee wa jirani, baba wa mapacha, alifanya kazi chini ya ardhi mgodini zaidi ya miaka thelathini. Siku hizi huja kukaa penye mashine yangu ya kusaga kwa sababu pana kivuli na pana watu.

"Ni bongo tu ya bakubwa. Tangu niko kijana banasema mafuta itaisha, mafuta itaisha. Mi njo nitaisha mbele."

Bongo kwetu ni uongo. Akina mama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Lakini usiku ule, umeme ulipokatika na nikawa nimekaa gizani nikisikia jenereta za mtaa mzima zikinguruma, nilijiuliza: je, mzee ana haki? Nimekuwa nikisoma mambo haya kwa vipande kwa muda mrefu, kwenye simu, usiku, mashine ikiwa imepoa. Leo nayaweka pamoja, si kwa sababu nina shahada yoyote, bali kwa sababu pesa zangu nyingi huishia kwenye lile faneli.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ni rahisi kuwasema Waarabu na Wamarekani huku ukijisahau. Mashine yangu iko Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Umeme ukiwepo nasagia umeme, usipokuwepo nawasha injini ya mazutu, na siku za injini ni nyingi. Mazutu yakipanda asubuhi, jioni bei ya kusaga ndoo moja imeshapanda. Nasema wazi, nimeandika kwa chaki ukutani, hakuna wa kunibishia. Lakini kuna wakati mazutu yalishuka, na chaki yangu ikakaa ukutani wiki tatu bila kuguswa. Kwa nini? Kwanza nilikuwa na bido mbili nilizonunua kwa bei ya juu, nikajiambia nizimalize kwanza. Zikaisha. Kisha nikajiambia, ngoja nione mwenye mashine wa barabara ya pili atafanya nini. Yeye, kumbe, alikuwa ananingoja mimi. Aliyetuvunja ni mama mmoja aliyesimama mbele ya foleni akasema kwa sauti ya kanisani: "Papa, mazutu ilishuka kitambo. Weye tu njo haujasikia?" Nikafuta chaki siku ileile.

Wataalamu wa uchumi wameliandikia jambo hilo karatasi nyingi: bei ya mafuta hupanda mbio na kushuka kwa kujikokota. Mimi sikuhitaji karatasi zao. Hakuna mkutano wa siri uliofanyika Katuba. Kulikuwa na watu wawili wenye mashine, kila mmoja na akiba yake ya bei ya zamani, kila mmoja akimchungulia mwenzake, na wote wawili wakifaidi ukimya. Zidisha hayo mpaka yafike kwenye kampuni zenye meli na maghala, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya hasira ya watu kwenye vituo vya mafuta duniani kote.

Sehemu, nasema. Kwa sababu mikutano ya siri nayo ilikuwepo. Mwaka 1928 wakubwa wa kampuni za mafuta za Uingereza, Uholanzi na Marekani walikutana kwenye ngome moja ya Scotland iitwayo Achnacarry, kwa kisingizio cha kuwinda ndege, wakakubaliana kila mmoja abaki na fungu lake la soko bila kushindana. Dunia ilikuja kujua baadaye sana. Kwa hiyo mtu akikaa kijiweni akasema "kuna watu wanakaa chumbani na kupanga," usimwite mwehu. Amekosea tu mwaka.

Nirudi kwenye chaki. Siku moja nilipiga hesabu nyuma ya gunia tupu, Kadhafi akiwa ameinama begani kwangu. Pipa moja la mafuta ghafi ni lita 159. Likiuzwa dola 80, lita moja ya mafuta ghafi ni karibu senti 50 za dola. Hayo ni mafuta meusi, mazito, yasiyofaa kuingia hata kwenye taa. Yapitishwe kiwandani yasafishwe. Yapande meli mpaka Dar es Salaam au bandari nyingine ya huku kwetu. Yapakiwe kwenye lori la tangi, yavuke Zambia, yafike mpakani Kasumbalesa, yangoje. Hapo ndipo makaratasi ya kwetu yanapoanza. Kongo bei ya kituoni haipangwi na mwenye kituo. Wizara ya Uchumi hutoa kile kinachoitwa muundo wa bei, kila kanda ya nchi na wake, sisi tukiwa kanda ya kusini. Ndani yake mna bei ya wastani ya mpakani, gharama za maghala na usafiri, faida ya mwenye kampuni, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ada ya kutunza barabara, na mistari mingine inayohitaji miwani.

"Sasa hii pipa ikianguka mpaka dola 40?" Kadhafi akauliza.

Nikaandika: kila lita ya mafuta ghafi imepungua senti 25. Meli haijapungua. Lori halijapungua. Mistari ya miwani haijapungua. Na juu ya yote kuna falanga yetu. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu falanga 2,000. Mwaka 2024 ilikuwa inakaribia 2,800. Hata pipa lisingesogea hata senti moja kule duniani, hapa kwetu lingekuwa limepanda.

Kadhafi akalitazama gunia kwa muda. "Kumbe mi njo ninatukanwa juu ya bure," akasema.

Si juu ya bure kabisa, nikamwambia, maana yeye hauzi kwa bei ya wizara. Lakini kituo kikikauka yeye yupo, usiku yupo, na lita moja anakuuzia, hata nusu. Hilo nalo lina bei yake.

Hapo ndipo ninapokumbuka Aprili 2020. Wakati ule kila mwenye simu alitumiwa habari moja: mafuta ya Marekani yameuzwa chini ya sifuri. Kweli kabisa. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa lilifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri, maana yake muuzaji ndiye anayemlipa mnunuzi. Hapa mtaani kulikuwa na kelele. Papa Mapasa aliuliza tutakwenda lini kuchukua hizo dola, na akasema ana bido tatu tupu. Mimi sikuwa na jibu siku ile. Jibu nililipata baadaye, na ni la kuchekesha kidogo: kilichouzwa hakikuwa mafuta ya kila mahali, bali mikataba ya kupokea mafuta mwezi Mei kwenye mji mmoja uitwao Cushing, Oklahoma. Korona ilikuwa imesimamisha magari na ndege, matangi ya Cushing yanajaa, na mikataba ile mwisho wake ulikuwa kesho yake. Wengi walioishika walikuwa watu wa kununua na kuuza makaratasi, wasio na hata ndoo ya kuwekea mafuta. Ni kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa simu ili amuuze kwa simu, halafu jioni akasikia ng'ombe analia mlangoni na hana uwanja. Atamlipa yeyote amwondoe. Hiyo haina maana kwamba nyama imekuwa ya bure sokoni Kenya, nasema mtaa wetu wa Kenya, si nchi.

Sasa niingie kwenye lile la kuisha, ambalo ndilo lililonitoa usingizini.

Watu wamekuwa wakitangaziwa mwisho wa mafuta kwa muda mrefu, na waliotangaza hawakuwa wapiga ramli. Mwaka 1956, mtaalamu wa miamba wa kampuni ya Shell, M. King Hubbert, alisimama mbele ya watu wa mafuta huko San Antonio, Texas, akachora mstari wenye umbo la kengele: uchimbaji hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Akasema Marekani itafika kileleni kati ya 1965 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wengi walimdharau. Mwaka 1970 Marekani ikachimba karibu mapipa milioni 9.6 kwa siku, kisha ikaanza kushuka, kama alivyosema. Kufika 2008 ilikuwa kama milioni 5. Hubbert akawa nabii.

Lakini tazama kilichofuata. Wachimbaji wakajifunza kulaza kisima ubavu chini ya ardhi na kuupasua mwamba kwa maji yenye shinikizo kubwa, wakakamua mafuta kwenye mawe ambayo Hubbert hakuyahesabu. Mwaka 2018 Marekani ikapita rekodi yake ya 1970, na 2023 ilikuwa inachimba karibu milioni 12.9 kwa siku. Ile kengele yake ikaota nundu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Rais Jimmy Carter naye, tarehe 18 Aprili 1977, aliwaambia Wamarekani kwenye televisheni kwamba mahitaji yakiendelea kukua kama yalivyokua, dunia inaweza kuwa imemaliza akiba zote zilizothibitishwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1980. (Mwezi uleule sisi huku tulikuwa na vita ya Shaba, kama mkoa wetu wa Katanga ulivyoitwa wakati ule, hatukuwa na nafasi ya kumsikiliza.) Miaka ya 1980 ikaja, na badala ya mafuta kuisha, mwaka 1986 bei ikaanguka kwa sababu mafuta yalikuwa mengi mno.

Kwa hiyo Papa Mapasa ana haki ya kucheka. Na ana haki zaidi ukizijua hesabu za akiba zenyewe zinavyofanywa. Katikati ya miaka ya 1980 nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, zilikuwa zinabishana nani achimbe kiasi gani, na ukubwa wa akiba ulikuwa hoja mezani. Mwaka 1985 Kuwait ikatangaza akiba iliyoruka kwa karibu nusu, kwa mpigo, bila kutangaza kisima kipya cha kufanana na mruko huo. Miaka michache iliyofuata majirani nao wakaruka. Wala si wao peke yao: Januari 2004 Shell yenyewe, kampuni ya Hubbert, ilifuta asilimia 20 ya akiba iliyokuwa imejiandikia. Upande mmoja kalamu inaongeza, upande mwingine inafuta, na ardhi yenyewe haijasogea.

Mimi hili neno "akiba" lilinisumbua mpaka siku nilipoinua macho na kukitazama kile kilima.

Kila mtu wa Lubumbashi anakijua. Kiko pale kando ya bomba refu la moshi, cheusi, kikubwa kuliko jengo lolote la mji. Ukipanda teksi kutoka Katuba kwenda mjini unakiona kama mtu aliyekaa na kanzu nyeusi. Ni taka. Tangu 1911, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilipowasha tanuru, na baadaye Gécamines ya serikali, walikuwa wanayeyusha mawe, wanatoa shaba, na mabaki wanayamwaga pale. Miaka themanini ya kumwaga. Watoto tuliambiwa tusiende kucheza kule. Hakuna mtu aliyekiita utajiri; hakikuwa kwenye hesabu ya madini ya mtu yeyote.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kiwanda kikajengwa chini yake, tanuru la umeme likawashwa, na kile kilima kikaanza kuchotwa na kuyeyushwa upya. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya taka ile mna kobalti, madini ya kutengenezea betri, na kobalti ilikuwa imepata bei, na ufundi wa kuitoa ulikuwa umepatikana. Mchanganyiko wake ukawa unasafirishwa mpaka Finland kusafishwa. Hakuna jiwe jipya lililoongezeka Katanga siku ile. Taka ya jana ikaingia kwenye daftari la akiba, basi.

Akiba iliyothibitishwa maana yake ni hiyo tu: kile unachoweza kukitoa kwa faida, kwa bei ya leo, kwa ufundi wa leo. Bei ikipanda, akiba inaongezeka ukiwa umelala. Bei ikianguka, inapungua na hakuna aliyechimba. Ndiyo maana miaka ya 1980 waliambiwa mafuta yamebaki ya miaka kama thelathini, na miaka arobaini baadaye, baada ya kuchoma bila kupumzika, watu haohao wanaambiwa yamebaki ya miaka kama hamsini. Mwenye duka akikuambia sukari imebaki ya siku tatu, ukarudi wiki ijayo akakuambia imebaki ya siku tano, utamwona mwongo. Kumbe alikuwa anahesabu iliyo rafuni tu, na ghalani hajaingia.

Katanga hatukupaswa kufundishwa hili na mtu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani kama 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka. Siasa nazo zikaporomoka. Mashine zikakosa vipuri. Mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 40,000. Hubbert angeuchora mstari huo, angesema shaba ya Kongo imekwisha. Mwaka 2023 nchi hii ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5. Kipushi, mgodi wa hapa jirani, ilifungwa 1993, maji yakaja kujaa chini, nyumba za wafanyakazi zikachakaa. Mwaka 2024 ikafunguliwa tena, na zinki iliyo kule chini ni ya ubora ambao migodi mingi duniani inautamani. Papa Mapasa alipofukuzwa na njaa kutoka mgodini (mgodi upi, hilo ni lake) aliambiwa kazi imekwisha. Jiwe halikuwa limekwisha.

Niliposema hivi penye benchi, mzee alipiga paja. "Njo ile minasemaka!"

Hapana, Papa. Hapo tunaachana.

Sufuria ya bukari, ugali wetu, ukiisonga kwa watu kumi, wa kwanza anachota laini ya juu, mwiko unaingia wenyewe. Wa nane anaanza kukwangua. Wa kumi anaweka maji, anangoja, anakwaruza ukoko kwa kijiko cha chuma. Wote wamekula, ni kweli, bukari haikuisha. Lakini jasho la wa kumi si la wa kwanza. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, mwaka 2010 liliandika kwamba mafuta ghafi ya kawaida, yale ya kuchimba yakatoka, yalikuwa yamefika kileleni mwaka 2006. Yaliyoongezeka tangu hapo yametoka sana kwenye ukoko: miamba ya kupasuliwa, mchanga wa lami wa Kanada, vilindi vya bahari. Kisima cha mwamba uliopasuliwa hushuka nguvu haraka, mwaka wa kwanza tu, na lazima utoboe kingine, na kingine. Dunia inakunywa zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku. Hubbert alikosea ukubwa wa sufuria. Kuhusu mwiko hakukosea. Anayesema "haiishi" na anayesema "itaisha mwaka fulani" wote wawili wanaongea kama vile ardhini kuna kipimo cha tangi chenye sindano. Sindano haipo.

Na kwetu hapa, nasema kwa uzoefu wa kuchovya kidole, mafuta huisha mara kwa mara bila kuisha popote. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya mafuta ya Zambia ikakatwa, mwanzoni mwa 1966 ndege za Marekani zilikuwa zikibeba mapipa kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kuyashusha hapa hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, yapakiwe kwenye malori kwenda kwa Wazambia. Fikiria: mji huu usio na tone lake ulikuwa kituo cha mafuta cha jirani. Dunia wakati ule ilikuwa imefurika mafuta ya bei ya chee. Kilichokosekana ni njia. Miaka miwili baadaye bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likawa tayari, na shida ile ikasahaulika.

Agosti 2024 mambo yakageuka upande. Serikali yetu ilikuwa imezuia soda na bia za Zambia zisiingie, wenye malori wakagoma, Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache. Bia! Mtu anagombana juu ya bia na mimi naogopa mazutu. Asubuhi ile Kadhafi hakuwa na haja ya vita ya Waarabu. Alinitazama tu, akataja bei, nikalipa.

Ajabu ni kwamba Kongo ina mafuta yake. Kule Muanda, mdomoni mwa mto, yanachimbwa tangu 1975, kwanza baharini na baadaye nchi kavu pia, mapipa elfu ishirini na kitu kwa siku. Yanapakiwa ghafi yalivyo, yanakwenda kuuzwa nje. Kutoka hapa kwenda Muanda ni upande wa pili wa nchi, na barabara ya kuyaleta ni ile tunayoijua. Nilimweleza Papa Mapasa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Muanda nako wanasaga mahindi au wanakula mihogo tu.

Kuna jambo moja nililiacha makusudi kwa sababu linaniaibisha kidogo kama Mkatanga.

Miaka yote tumewalaani OPEC: wanafunga bomba ili bei ipande, maskini wanaumia. Basi. Mapema 2025 bei ya kobalti ilikuwa imeanguka chini kuliko miaka mingi, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunaimwaga sokoni. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ikasimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne. Ikaongeza mitatu. Kuanzia 16 Oktoba ikaweka viwango: kila kampuni na fungu lake, tani 96,600 kwa nchi nzima kwa mwaka 2026. Bei ikapanda zaidi ya maradufu. Kongo hutoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, zaidi ya vile Saudi Arabia inavyotoa sehemu yake ya mafuta. Sasa sisi ndio tumekaa kwenye bomba.

Na mimi niliposikia, moyo wangu ulifurahi. Sikujiuliza hata kidogo kuhusu mtu wa huko Ulaya au China anayetaka kununua gari la betri na kuambiwa bei imepanda kwa sababu ya "mambo ya Kongo". Bila shaka yupo mzee mahali, amekaa kwenye benchi, anasema kobalti haiishi, ni uongo wa wakubwa wa Lubumbashi na Kolwezi. Tayari wapo watengenezaji wanaounda betri zisizo na kobalti kabisa, za chuma na fosfeti, na magari mengi ya China yanazitumia. Huenda kilima chetu kikarudi kuwa taka kabla hakijamalizwa kuchotwa.

Juzi umeme ulikatika saa nne asubuhi, foleni ya ndoo ikiwa imefika barabarani. Nikamtuma mtoto kwa Kadhafi, akarudi naye mwenyewe, bido begani, chupa mfukoni. Tukatikisa, tukainua, tukangoja. Chini kabisa kulikuwa na shanga moja ndogo ya maji, ikitembeatembea.

"Hii ni ya kwako ao ya kituo?" nikamuuliza.

"Sijue, Papa. Ilikuya hivi."

Papa Mapasa akasimama kutoka kwenye benchi, akaja, akainama mpaka pua yake karibu iguse plastiki. Akina mama wakanyamaza wakimngoja aseme. Akaichukua ile chupa, akaiweka kwenye kivuli juu ya tofali, akatuambia tuiache ikae kwanza, naye akarudi kukaa.